Mteuzi wa Tumbaku

Jumamosi, saa tatu, stoo ya maabara, Sikonge.
Nimesogeza kando mifupa ya plastiki na ndoo ya chaki,
nikaweka meza, viti viwili, penseli moja.
Nawaambia mlangoni: humu hakuna anayeandika kwa wino.

Nje wameegemea ukuta, kila mmoja na fomu yake
imekunjwa mara nne kama noti ya kuficha.
Nifanye mtihani upi, mwalimu?
Hakuna anayeuliza: huo unapima nini?

Kashindye wa kwanza.
Baba yake amemjazia kwa herufi kubwa: UDAKTARI.
Fizikia, kemia, baiolojia,
na jaribio la ziada la hisabati, lile la kulipia.
Wiki jana ulikuwa wapi siku tatu?
Anatazama viatu. "Mizingani. Nyuki walitaka kuhama."
Kisha, bila kuulizwa, anaeleza
mlio wa kundi lililompoteza malkia,
na kwa nini asali ya kiangazi haifanani na ya vuli.
Dakika kumi anasema, mtoto huyu
ambaye darasani huomba ruhusa akanywe maji.

Namwambia: unamjua mteuzi wa tumbaku pale chama cha msingi?
Anashika jani, ananusa, anatamka daraja,
na mwaka mzima wa mtu unakaa kwenye tamko hilo.
Hakosei yule. Lakini mpelekee asali
ataandika: imelowa, irudishwe.
Kashindye anacheka, halafu anaacha kucheka.

Nyamizi hakai.
Anataka usaili wa ushonaji, basi, nimpe sahihi aende.
Nyamizi, anayethibitisha pembetatu
kama mtu anayefungua mlango wa nyumbani kwao.
Unaogopa hesabu? "Siogopi.
Dada amejifungua. Mama anasema miaka miwili ni mirefu."
Hapo sina karatasi ya kumwonyesha.
Nikampimie nani huo urefu?
Namwandikia yote mawili, kwa penseli,
ushonaji juu, kidato cha tano chini,
na namba yangu ya simu pembeni, ya mama yake kuipiga.

Nami sikuchagua. Mwaka wangu
fomu ya ualimu ndiyo iliyokuwa juu ya rundo.
Nimeipenda kazi hii, sikatai,
ila kupenda ulichokikuta si sawa na kuchagua.

Bukuru, wa Kasulu, anaishi kwa mjomba wake.
Huyu hana shaka: chuo cha reli, dereva wa treni.
Amezijua stesheni zote hadi Kigoma,
anazitaja kama majina ya wadogo zake.
Usaili wao una sehemu ya macho, namwambia, tujaribu.
Natoa chaki mbili ndooni. Nipe nyekundu.
Anazitazama. Anazinusa, Mungu wangu.
"Mwalimu, si zote ni moja?"

Nje mtu anapiga kengele kwa mchezo.
Nazirudisha chaki, ya kijani na ya nyekundu,
taratibu, kama vile kuziangusha kungekuwa jibu.
Miaka minne nimemfundisha huyu
nikisahihisha ramani zake: rangi hovyo, rudia.
Naanza kutaja karakana, ratiba, tiketi,
reli ni ndefu, ina kazi nyingi.
Ananikatiza kwa adabu:
"Kumbe walijua cha kuuliza."
Anakunja fomu yake. Mara tano safari hii.

Saa nane. Meza imejaa vumbi la kifutio.
Fomu ya Kashindye imebaki kwangu.
UDAKTARI upo palepale, sikuugusa, si wangu kuufuta.
Chini yake, kwa herufi za sisimizi,
ameandika *nyuki*, akaweka alama ya kuuliza.

Jumatatu saa sita karatasi zinapanda basi.
Kabla ya hapo baba yake anakuja.
Nimeenda ofisini kuazima kiti cha tatu.